Neno Baada ya Adier

Ndugu yangu Oliver huchora katuni za shujaa asiyeshinda, na makosa ni yangu.

Shujaa mwenyewe ni mwanamke anayeitwa Adiera, yaani ukweli, kwa lugha yetu ya Dholuo. Alipigwa na radi akiwa kwenye foleni ya kitambulisho kabla zamu yake haijafika, na tangu siku hiyo akimshika mtu kifundo cha mkono, mtu huyo hawezi kusema uongo. Anafunika uso kwa kipande cha gunia kilichotiwa rangi ya buluu. Anakimbia juu ya mapaa ya mabati bila kusikika, na yeyote aliyewahi kulala chini ya mabati paka akipita juu atakubali kwamba huo ni muujiza mkubwa kuliko hata ule wa radi. Oliver anamchora vizuri sana. Kazi yake ya kila siku kule Kendu Bay ni kuandika majina ya maduka na kuchora ramani ya Afrika kwenye kuta za shule, lakini kazi anayoipenda ni hii ya Adiera.

Mimi ni karani wa mahakama katika kaunti ya Migori, huu ni mwaka wa kumi na moja. Mahakama ipi, sitaitaja, kwa sababu kosa nitakalolieleza si la jengo. Nasoma mashtaka na kutafsiri. Mshtakiwa akisema kwa Dholuo namgeuzia hakimu kwa Kiswahili, hakimu akiuliza namgeuzia mshtakiwa. Nilitaka kuwa wakili, karo ikakataa, nikawa mdomo wa watu wengine. Kwa hiyo Oliver alipoanza kunitumia kurasa zake kwa simu nizipitie, nilizipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepata kesi za kuhukumu mwenyewe.

Na nilihukumu. Toleo la kwanza, Adiera alivunja dirisha la afisa mmoja mla rushwa, akatoka na faili zote za siri. Nilimpigia Oliver hata chai haijapoa.

"Omera, ndugu yangu, hiyo haiwezi. Ameingia bila hati ya upekuzi. Wakili wa huyo mzee atasimama dakika tano tu, faili zote zitupwe nje, mzee arudi nyumbani akule samaki."

"Lakini ni mwizi, Marion."

"Si nimekubali ni mwizi? Nimesema hatafungwa."

Toleo la pili alimshika mwizi mkono juu ya paa na mwizi akatapika yote, majina na tarehe. Nikakataa tena. Nikamwambia maungamo ya kulazimishwa si maungamo, sheria inataka mtu akiri kwa hiari yake, na huyu amekirishwa na mtu aliyevaa gunia. Toleo la tatu Oliver akaamua Adiera mwenyewe aende kutoa ushahidi. Nikamuuliza ataapa kwa jina gani, na kitambulisho kiko wapi. Maskini Oliver. Alichora toleo zima ambalo shujaa wake ameketi kwenye benchi nje ya masjala, na gunia lake usoni, akingoja kuitwa.

Wasomaji walinuna. Katuni hizo zilikuwa zinachapishwa kwenye duka la kompyuta hapa Suna ninakoishi, zinabanwa pini mbili, wanazinunua vijana wa bodaboda na wanafunzi. Kijana mmoja alinisimamisha sokoni, akaniambia, "Madam, huyo superhero wa brathe yako anashinda kortini kuliko mahabusu." Oliver naye alikuwa na lake. Alisema katika kitabu chake kila mtu ana haki isipokuwa msomaji. Nilicheka sana siku hiyo. Nilikuwa najiona nimebeba sheria ya Kenya kichwani kama ndoo ya maji, na sijamwaga hata tone.

Toleo la tisa lilinifikia Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, nikiwa nyuma ya nyumba nafua. Nilipangusa mkono mmoja nikafungua simu.

Hakukuwa na paa wala gunia la buluu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwanamume kizimbani, shati lake lina madoa ya oili ya mashine. Mbele yake amesimama karani, amechorwa kwa mgongo. Kutoka mdomoni mwa yule mwanamume limetoka puto la maneno lenye neno moja: Adier. Kwenye picha ya pili karani ameshageuka kwa hakimu, na puto lake linasema: Ni kweli. Picha ya tatu hakimu anaandika. Na nyuma ya karani, puto jingine la yule mwanamume linapanda juu, refu, limejaa maneno, lakini Oliver alikuwa amelikata na mstari wa juu wa picha ili lisisomeke. Hakuna mtu kwenye ile picha aliyekuwa analitazama.

Chini aliandika, akiniita dada kama kawaida yake: "Nyamera, hii inaweza kutokea kisheria ama nimepotea?"

Povu lilikauka mkononi. Niliogopa, sina neno jingine la kusema. Niliogopa kama mtoto aliyesikia jina lake likiitwa katika nyumba ya watu wengine.

Kwa sababu mtu huyo nilikuwa namjua. Anaitwa Cephas Okech, fundi wa mota kule Masara kwenye machimbo ya dhahabu. Kule mawe husagwa kwa karasha, mashine zinazounguruma kutwa, na mota zake huungua kila wiki, kwa hiyo fundi kama Cephas hakosi kazi. Mochama, mwenye karasha moja, alimpelekea mota aitengeneze, kisha akasafiri kuvuka mpaka kwenda Tanzania bila kumwambia mshirika wake. Mshirika akaamka, mota hakuna. Polisi wakaikuta nyumbani kwa Cephas, juu ya meza, imefunguliwa. Haya yote niliyajua baadaye. Siku yenyewe nilijua tu kwamba ni faili ya thelathini na moja.

Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa kumi mwaka jana. Jumatatu ndiyo siku mbaya, wote waliokamatwa mwisho wa juma wanaletwa pamoja. Faili zilikuwa arobaini na tatu. Juu ya hayo nilikuwa na barua ya onyo kwenye droo yangu, barua ya pili, ikisema tafsiri zangu ni ndefu kuliko maneno ya washtakiwa na ninachelewesha kazi. Asubuhi hiyo, kwenye korido ya mahabusu, Cephas aliniita kupitia nondo. "Adier, nyamera, riyo oloya." Kweli, dada yangu, kiu imenishinda. Nikampa chupa yangu ya maji. Akanywa, akasema, "Adier, ber ahinya." Kweli, vizuri sana. Nikacheka moyoni. Wako watu wetu wengi wa namna hiyo, hawawezi kukuambia mvua inanyesha bila kuapa kwanza.

Kwa hiyo nilijua. Hilo ndilo jambo lenyewe. Nilijua adier ya mtu huyu ni mlango tu, maneno yenyewe yako ndani.

Nilimsomea shtaka la wizi, nikamuuliza ni kweli au si kweli. Akavuta pumzi. "Adier..." akaanza, na mimi, jicho langu likiwa kwenye rundo la faili, nikamgeukia hakimu nikasema, "Ni kweli." Kalamu ya hakimu ikatembea. Nyuma yangu sauti yake ikamalizia, "...ne ok akwalo." Sikuiba.

Wasiojua korti watasema si ningerudi nyuma. Ningeweza. Ilikuwa ni kusema tu, Mheshimiwa, nimekosea. Lakini niliiona ile barua ya pili ikizaa ya tatu, nikamwona kiongozi wa mashtaka ameshafungua maelezo yake, nikajiambia ataulizwa tena, si sheria inataka aulizwe mara mbili? Maelezo yakasomwa: mota ilikutwa nyumbani kwake. Nikamuuliza kama maelezo ni sawa. "Adier," akasema, "ne omiya mondo alose." Kweli, alinipa nitengeneze. Mara hii nilisikia yote, uso kwa uso. Na nikafikiri, nikitafsiri hili, hakimu atauliza lile la kwanza lilikuwaje. Nikageuka nikasema, "Maelezo ni ya kweli."

Cephas alitikisa kichwa, akikubali. Kiswahili cha sokoni anakijua. Alinisikia nikisema ni kweli, akaona nimeanza vizuri, akangoja niendelee. Hakimu alipotamka miaka miwili, Cephas hakumtazama hakimu. Alinitazama mimi, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu anayemngoja mwenzake ameze tonge ndipo aongee. Nikachukua faili ya thelathini na mbili.

Sasa Oliver alikuwa ananiuliza kama inaweza kutokea kisheria.

Nilimjibu kwa ukali, maana ukali ndio unaokuja kwanza kwangu. "Haiwezi. Mshtakiwa huulizwa mara mbili. Nenda usome."

Akapiga simu papo hapo. "Scovia anasema aliulizwa mara mbili."

"Scovia gani?"

"Bibi ya huyo jamaa. Boma yao iko hapa Kendu Bay, alirudi kwao na watoto. Alikuwa ndani ya korti, Marion, aliona na macho yake. Anasema bwana yake hawezi kuomba chumvi bila kusema adier kwanza. Na unajua ile inauma? Mwenye mota amerudi kutoka Tanzania, na hata yeye siku hizi anasema kama Cephas alikubali mwenyewe kortini, basi kuna kitu aliiba. Masara nzima inasema hivyo."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Sasa unataka nini kwangu?"

"Nataka Adiera amtoe. Legally, vile unapenda. Nimefikiria avunje jela."

"Atakuwa mtoro. Atakimbia mpaka azeeke."

"Basi amshike hakimu mkono."

"Hakimu aliandika alichosikia. Hata ukimshika miguu, ukweli wake ni huo."

"Rufaa je?"

"Aliyekubali kosa hawezi kukata rufaa kupinga hatia, labda adhabu tu. Isipokuwa ionekane hakukubali wazi. Na rekodi ya korti iko wazi, imeandikwa ni kweli."

"Nani anaweza kuonyesha haikuwa wazi?"

"Karani."

"Sawa. Adiera anamshika karani mkono, karani anasema yote."

"Haiwezi," nikasema, na sauti yangu yenyewe niliisikia imepungua. "Ya kulazimishwa haina kazi. Lazima karani aende mwenyewe. Aandike hati ya kiapo, jina lake, nambari ya kitambulisho, aweke sahihi. Bila mtu kumgusa."

Oliver akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Nyamera, sheria yako nimekubali yote kutoka toleo la kwanza. Lakini hapo msomaji atanitupia kitabu. Mtu kukimbia juu ya mabati ataamini. Karani wa serikali aende kujichomea mwenyewe, bila kushikwa na mtu? Hiyo hakuna mtu wa Suna ataamini."

Nilikata simu nikamaliza kufua. Nilizisugua zile nguo mpaka kola ya binti yangu mdogo ikatatuka.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Miaka miwili nilikuwa nauchoma mkuki wa sheria kwa watu wa karatasi, na kila walipolia nilisema pole, ndivyo ilivyo. Wiki zilizofuata niliupata mimi. Nilikwenda masjala nikaitoa faili. Mwandiko wa hakimu ulikuwa safi, na pembeni, mahali pa jina la mkalimani, palikuwa na herufi zangu. Nilitafuta hata doa la wino la kunisaidia, hakuna. Usiku nililala, sitadanganya. Mchana ndio ulionitesa, kila mshtakiwa alipofungua mdomo. Nilianza kutafsiri mpaka kikohozi. Hakimu mpya aliyekuja mwaka huu, mwanamke mpole, aliniuliza kama naumwa.

Nina mabinti wawili shuleni na mume nilimzika. Kazi hii ndiyo ardhi yetu. Kila nilipoiona ile hati ya kiapo akilini, niliona na barua ya kufukuzwa imebanwa nyuma yake, labda na mashtaka pia. Nikajiambia mambo mengi. Kwamba miezi mitano imeshapita, iliyobaki itapita. Kwamba mtu akivuliwa nguo huchutama. Nilichutama wiki tatu, na aliyekuwa uchi alikuwa Cephas.

Jumamosi ya nne nilikwenda Kendu Bay. Nilimwambia Oliver nakwenda kuona michoro. Hatua chache kabla ya kibaraza chake nilivua miwani nikaitia mkobani. Sikupanga, mkono ulifanya wenyewe. Na mimi ndiye niliyemcheka Oliver juu ya lile gunia la buluu, nikimwambia hakuna mtu duniani anayeweza kujificha kwa kitambaa mbele ya watu wanaomjua.

Scovia alikuwa pale, ameleta ndizi, ameketi kwenye kigoda anatazama karatasi zilizotandazwa. Ni mwanamke mwembamba, sauti yake ndogo. Kortini alikuwa amekaa benchi la tatu, hatua nane kutoka kwangu. Alinyanyuka akanisalimia kwa mikono miwili, akanitazama usoni, akaniita "nyamera", hakunitambua. Kitambaa kinatosha kabisa. Hata miwani ikitoka inatosha.

Oliver alinitambua. "Miwani umeacha wapi?" akauliza.

"Iko kwa mkoba. Macho yanauma."

Alinitazama muda mrefu kuliko swali lenyewe. Halafu akainama kwenye karatasi yake, akachukua penseli, akaiweka tena chini.

Nilimuuliza Scovia habari za mumewe, kwa sauti ya mgeni anayeuliza kwa adabu. Alisema yuko jela upande wa Homa Bay, anamtembelea kila mwezi, amekonda lakini kifua chake ni kizima. Halafu akasema, "Kuna kitu kinanitatiza. Kila nikienda ananiuliza swali moja tu. Ananiuliza, yule mama wa miwani alimaliza?"

"Alimaliza nini?" Oliver akauliza, bila kuinua kichwa.

"Maneno yake. Cephas anafikiria yule karani alianza kusema, halafu wakamharakisha. Anasema alikuwa mama mzuri, alimpatia maji. Anasema, ngoja tu, siku moja atapata nafasi amalizie ile sentensi, na hakimu atasikia. Mimi nimechoka kumwambia kesi iliisha." Akapangusa mikono kwa leso. "Adier, sijui nimwambie nini tena."

Hata yeye alikuwa ameliokota hilo neno.

Sikulia mbele yake. Nilimuaga nikamwambia Oliver anisindikize. Tulitembea mpaka karibu na maji, mahali wanawake wanaanika dagaa wa omena, na hapo nilivaa miwani yangu. Sikuwa na haja ya kusema lakini nilisema, yote, kuanzia chupa ya maji. Oliver alisikiliza akichora ardhini kwa ncha ya kiatu.

"Nilijua nilipoona herufi M.A. kwa karatasi ya korti ya Scovia," akasema mwishowe. "Karibu mwezi sasa. Ndio maana sikuchora uso."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Si wewe ulinifundisha? Ya kushikwa mkono haina kazi."

Jumanne iliyofuata nilichukua ruhusa ya ugonjwa nikaenda Homa Bay mjini. Migori mawakili wote wananijua. Niliingia kwa wakili mmoja kijana, Tony, ofisi yake iko juu ya duka la dawa. Alinisikiliza vizuri, akasema kesi hiyo inaweza kufufuka, mahakama kuu inaweza kuruhusu rufaa iliyochelewa ikiona mshtakiwa hakukubali kosa wazi. Akaanza kuandika. Kisha akasimamisha vidole vyake.

"Lakini tuwe smart, mama. Huna haja ya kujimaliza. Tuandike korti ilikuwa na kelele, ulisikia neno la kwanza, hukusikia yaliyofuata. Ni kosa la masikio. Kisheria inatosha kabisa kumtoa huyo mzee, na wewe utapata onyo tu. Kazi utabaki nayo."

Nilimuuliza kama kweli inatosha. Akasema inatosha. Nami nilijua inatosha, nimekaa korti miaka kumi na moja. Nilipata faraja iliyonitia aibu. Cephas atatoka. Mabinti watabaki shuleni. Kila mtu atakula. Akachapisha, kurasa mbili, aya kumi. Ya sita ilisema sikumsikia.

Sheria hairuhusu wakili aliyeandika kiapo akipige muhuri yeye mwenyewe. Tony akanielekeza kwa mwenzake, mwisho wa korido, mzee Ogeto, kamishna wa viapo. Nilimkuta anamenya chungwa. Akafuta mikono kwa gazeti, akachukua karatasi zangu, akalinganisha kitambulisho na uso wangu, akanipa Biblia nishike kwa mkono wa kulia. Muhuri ulikuwa tayari mkononi mwake. Alikuwa na nusu ya chungwa iliyomngoja, na kwenye benchi nje walikuwa watu watatu wanaongoja.

"Marion Atieno. Haya yote yaliyoandikwa hapa ni kweli?"

Mimi nimeuliza swali hilo mara elfu. Sijawahi kuulizwa. Nilikuwa nimepanga kujibu ndiyo, neno dogo la Kiswahili, lisilo na mama wala baba. Lakini kilichotoka ni kile kinachotoka kwetu wote tukiogopa.

"Adier..."

Mzee Ogeto ni Mgusii, lakini ameishi Homa Bay miaka thelathini na neno hilo analijua. Akaitikia kwa kichwa, akainua muhuri juu ya karatasi. Na mimi nikaona kwa macho yangu jinsi inavyokuwa. Neno moja limetoka, mtu mwenye muhuri ameshalipokea, mkono wake unashuka, na maneno mengine yote bado yako kifuani mwako yanatafuta njia. Hakuna aliyekuwa amenishika mkono.

"Ngoja, mzee," nikasema. "Sijamaliza."

Muhuri ulisimama hewani.

"Aya ya sita si kweli. Nilimsikia. Mara zote mbili nilimsikia."

Mzee Ogeto aliurudisha muhuri kwenye kisahani cha wino. Alisogeza chungwa lake pembeni, akafunga mlango kwa wale waliokuwa nje, akarudi kitini. Kisha akakunja mikono mezani, akanitazama, akangoja nimalize.